SAA YA MUNGU KATIKA JUMA LA KAZI

Fundisho kwa jamaa na kwa vikundi vya sala

Ya kusoma mbele ya fundisho: Luka 14:15-24, Luka 10:38-42, 1 Wafalme 19:1-8, Danieli 6.



Hapa kwetu Katanga tuko na namna yetu ya kuhesabu siku. Watu hawasemi Jumatatu na Jumanne kama katika vitabu. Tunasema kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano. Kisha inakuja siku ya posho, na nyuma yake siku ya Mungu. Ni lugha ya wazee wetu waliotoka vijijini kuja kufanya kazi ya mgodi na ya reli. Juma lao lilikuwa mali ya kampuni. Siku za kazi zilifuatana mpaka ile siku mfanyakazi alipopewa posho, ndiyo chakula cha juma kwa nyumba yake, na siku iliyobaki ikawa ya Mungu. Iliyobaki! Angalieni neno hili, tutalirudilia.

Leo jamaa nyingi za mji wetu hazina tena mshahara wa kampuni. Kila mtu amekuwa mkubwa wa kazi yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo kazi haina tena mwisho. Zamani king'ora kililia, na baba akaweka chini koleo. Nani atalia king'ora kwa mama anayeuza nyanya? Yeye hafungi saa fulani. Anafunga nyanya zikiisha, na zisipoisha anakaa mpaka giza, kwa sababu nyanya ya leo kesho imeoza. Kijana wa pikipiki anangoja mtu mmoja zaidi. Mwalimu anamaliza masomo ya asubuhi, kisha anaenda kufundisha watoto wa watu nyumbani kwao, apate kununua unga. Tukiuliza katika parokia, "Ndugu, mbona hatukukuona katika sala ya kazi tatu?", jibu ni moja: kazi.

Je, jibu hili ni uongo? Mimi nasema hapana. Kwa hiyo sitaandika fundisho la kuwapigia makelele watu waliochoka. Fundisho la namna hiyo nimelisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelifundisha. Halikuleta mtu hata mmoja.

WATU WATATU WA LUKA 14

Tunasoma katika Luka 14 habari za mtu aliyefanya karamu kubwa, na walioitwa wakaanza kujitetea. Wa kwanza alinunua shamba. Wa pili alinunua ng'ombe jozi tano. Wa tatu alioa. Wahubiri wengi, tukifika hapa, tunageuka upande wa wamama wa soko na kusema, "Mnaona? Ndio ninyi!"

Tusome polepole. Jozi tano ni ng'ombe kumi. Mtu mwenye kununua ng'ombe kumi kwa mara moja si mtu wa chini. Huyu yuko na wafanyakazi, na wale ng'ombe tayari ni wake; hakuna atakayewachukua. Kuwajaribu kungeweza kungoja kesho. Shamba nalo halikimbii. Ubaya wao haukuwa kazi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyesema anaenda kulewa. Walichukua jambo linaloweza kungoja, wakaliweka mbele ya jambo lisiloweza kungoja. Mwisho wa habari, nani aliingia karamuni? Maskini na vilema. Tusimtupie mama mwenye beseni moja la nyanya maneno yaliyosemwa juu ya mwenye ng'ombe kumi.

Lakini swali linabaki kwetu sote: katika kazi zangu, ni ipi inayoweza kungoja? Mtoto mwenye homa hangoji. Chakula cha jioni hakingoji. Mpira wa Ulaya kwenye televisheni ya jirani unaweza kungoja, hata kama vijana wetu hawataki kusikia. Na simu! Ndugu anasema hana dakika kumi za kusoma Neno. Mpe simu yenye megabaiti, utamkuta saa sita ya usiku macho yangali wazi. Hapo, ndugu, si kazi iliyokunyima wakati.

JAMBO LILILONIPATA MIMI

Sasa naomba ruhusa niseme habari yangu, hata kama inanipa haya kidogo.

Mimi ni shemasi. Kuna mwaka mmoja kazi za kanisa zilinijaa mikononi. Kazi tatu, sala. Kazi tano, mkutano wa wazee. Siku ya posho, kufagia na kupanga viti, na kuandika majina ya vikundi kwa ajili ya nsinsani. Siku ya Mungu, tangu asubuhi mpaka jioni. Kila alfajiri saa kumi na moja niliamka, nikanawa, nikavaa, nikaenda kwenye sala ya mapema pamoja na wandugu wachache. Nilijiona kuwa mtu wa sala.

Asubuhi moja nikamuuliza mama wa watoto wangu kwa nini siku hizi haji tena kwenye sala ya alfajiri, yeye ambaye zamani aliimba katika kwaya. Nilimuuliza kwa sauti ya shemasi. Alikuwa ameinama mbele ya mbabula anapepea makala. Hakusimama. Alisema tu, "Baba, wewe unaenda kuomba umenawa kwa maji niliyoteka mimi."

Nilikasirika. Siku mbili sikuongea naye vizuri. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu, bila kumwambia. Katika mtaa wetu maji yanafika kwenye bomba usiku, na saa yake hakuna anayeijua. Saa kumi ya usiku alikuwa amesimama tayari kwenye mstari pamoja na wamama wengine. Bidoni sita za lita 20, mbili mbili, safari tatu. Kisha moto, na makala yakiwa na unyevu moto unachukua nusu saa. Kisha uji wa watoto, nguo za masomo, kufagia kiwanja. Saa kumi na mbili na nusu yuko njiani kwenda soko. Mimi wakati huo nilikuwa ninarudi kutoka kwenye sala, roho imetulia, nikikuta uji umefunikwa.

Wandugu, niliona ya kwamba sala yangu ilikuwa inalipwa na mtu mwingine. Wakati wangu wa Mungu niliuchukua mfukoni mwake.

Nikamwambia, "Maji na moto niachie mimi." Alicheka. Majirani nao walicheka, lakini si kwa namna ile ile. Mmoja alisema mke wangu amenipa dawa. Mwanamume kusimama kwenye mstari wa maji katikati ya wamama si jambo dogo katika mtaa wetu. Nilisimama.

Sasa sikieni yaliyofuata. Asubuhi ya kwanza nilibeba bidoni zote sita, nikawasha mbabula, nikaingia ndani nikitazamia kumkuta amepiga magoti. Alikuwa amelala! Nikasikia hasira inarudi. Nimejipa haya mbele ya mtaa mzima ili mtu alale? Asubuhi ya pili vilevile. Ya tatu pia.

Ni Neno lenyewe lililonifungua macho. Tusome 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alikuwa amechoka mpaka akamwomba Mungu afe. Akalala chini ya mti. Malaika wa Bwana akaja, naye hakumkaripia kwa nini haombi. Alimgusa na kumwambia ale, na karibu na kichwa chake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha tena. Ni baada ya hayo tu nabii alipata nguvu za kutembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu, na kule akasikia ile sauti ndogo. Malaika alileta nini? Moto na maji. Zile kazi mbili ndizo malaika alizifanya kwanza, na alimwacha mtu alale.

Sikumwambia mama neno. Karibu juma la pili kwisha, nilirudi na bidoni za mwisho nikasikia ndani ya nyumba anaimba kwa sauti ya chini. Nilikaa nje. Uji siku ile ulichelewa, na mtoto mmoja alifika masomoni nyuma ya kengele. Siwafichi ya kwamba mpango wetu uliharibika mara nyingi. Niliugua mgongo, na mwezi mzima bidoni zikarudi kwake. Sasa mtoto wetu wa kiume mkubwa anateka kazi mbili na kazi ine, na hakupenda mwanzoni.

MARTA ALIOMBA NINI?

Kwa macho haya turudi Luka 10. Tumezoea kumlaumu Marta. Lakini yeye alimwambia Bwana nini? Ya kwamba ameachwa peke yake katika kazi, na aambiwe dada yake amsaidie. Bwana akamwita kwa jina lake mara mbili, namna mtu anavyomwita mpendwa wake, akamwonyesha ya kwamba anahangaika kwa mambo mengi, na ya kuwa fungu alilochagua Mariamu halitaondolewa. Hakumwambia Marta chakula si kitu. Bwana wetu alikula katika nyumba ile.

Mimi najiuliza jambo moja. Yohana anatuambia ya kwamba walikuwa na kaka yao, Lazaro, na katika Yohana 12:2 tunaona karamu nyingine: Marta anatumikia tena, Lazaro ameketi mezani. Siandiki hivi kumhukumu Lazaro, maana alikuwa ametoka kaburini, apumzike. Lakini baba na vijana wengi wa nyumba zetu hawajatoka kaburini, nao wameketi vilevile. Mume anayesema "mke wangu ni mzito kwa sala", na ahesabu kwanza bidoni.

KAZI INAYOFICHA, NA NJIA YA SOKO

Kuna upande mwingine, maana kazi inaweza kuwa mahali pa kujificha. Wakimbanguisti tunajua historia ya Papa Simon Kimbangu. Mwaka 1918, wakati ugonjwa mkubwa wa mafua ulipokuwa unaua watu, alisikia sauti ya Kristo inamwita kuchunga kundi. Alijitetea ya kwamba hana masomo ya kutosha, na wachungaji wako wengine. Sauti haikunyamaza. Mwishoni aliondoka Nkamba, akaenda kutafuta kazi Kinshasa, mji ulioitwa wakati ule Léopoldville. Alienda mbali ili asisikie. Huko nako sauti ilimfuata, mpaka akarudi kijijini.

Tena angalieni siku Mungu aliyoichagua. Tarehe 6 Aprili 1921 wazee wanasimulia ya kwamba alikuwa njiani kwenda soko. Hakuwa kwenye mlima wa maombi, wala hakuwa amefunga siku nyingi. Ni mtu wa kijiji, anaenda soko kama sisi tunavyoenda. Nguvu ikamsukuma kuingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa, Nkiantondo, kule Ngombe-Kinsuka. Aliweka mikono juu yake kwa jina la Yesu, naye akapona. Kazi yake ya wazi ilidumu miezi mitano hivi. Mwezi wa Septemba alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa kufa, hukumu iliyogeuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Alifungiwa wapi? Hapa kwetu, Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville. Miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Mfungwa hana saa yake. Wengine wanapanga aamke saa gani, ale saa gani, afanye kazi ipi. Hata hivyo miaka ile yote haikumfanya aikane imani yake.

Na kule Nkamba, Mama Mwilu alibaki na watoto watatu wa kiume. Mkubwa alikuwa na miaka saba, wa mwisho alikuwa na mitatu. Kanisa lilikatazwa, na waamini wengi wakahamishwa mbali na kwao. Ni mama huyu, mwenye watoto wadogo na nyumba bila baba, aliyeshika waamini pamoja kwa siri miaka yote ile. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Kanisa lilipewa ruhusa tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, miezi minane baadaye. Kama kuna mtu aliyeweza kusema "kazi ni nyingi, nitamtumikia Mungu watoto wakikua", ni yeye.

TUTENGENEZE NAMNA GANI?

Neno lile "iliyobaki" ndilo linatuharibu. Tukingoja wakati utakaobaki, haubaki. Danieli alikuwa mmoja wa wakubwa watatu juu ya maliwali 120. Kazi yake si ndogo kuliko yako. Aliomba mara tatu kwa siku, dirisha wazi upande wa Yerusalemu. Adui zake walipotaka kumkamata hawakuhitaji kumtafuta, maana walijua mahali na saa. Jirani yangu akiulizwa saa yangu ya sala, atajua? Heri dakika tano zilizo na saa yake kuliko saa mbili ninazoahidi kila mwezi. Anayeuza sokoni aombe akitembea njiani, beseni kichwani. Wa pikipiki aombe mbele ya kuwasha mashine. Wa simu asome sura moja mbele ya kufungua simu asubuhi. Ni jambo gumu, nalijua.

Siku ya Mungu inatengenezwa siku ya posho. Katika Kutoka 16 Waisraeli waliokota mana mara mbili siku ya sita ili siku ya saba wasitoke. Basi bidoni zijae jioni ya siku ya posho, makala yawe kavu, unga uwe ndani, nguo zikunjwe. Na wanaume wawepo nyumbani jioni ile.

Neno la mwisho ni kwetu sisi viongozi, na najua halitapendeza wote. Tunawaita watu saa nane, tunaanza saa kumi. Mama ameacha meza yake mikononi mwa mtoto wa miaka tisa, ameketi kwenye benchi anatungoja, na franga ya chakula cha usiku inapotea. Akikosa kuja juma lijalo tunasema amerudi nyuma. Nsinsani ni kazi nzuri, ndiyo iliyojenga nyumba zetu za sala. Lakini ikivuta mpaka giza, wenye watoto wadogo wanabaki wanatazama mlango. Amri tatu tulizopewa ni Upendo, Amri na Kazi, na Upendo umetangulia.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Jamaa isome maswali haya pamoja, watoto wakiwepo nao wasikilizwe. Nyumbani mwetu nani anaamka wa kwanza, na nani anaomba wa kwanza? Ni kazi gani ya juma hili ingeweza kungoja? Kuna mtu ambaye sala yake tunaitumia bila kumlipa? Siku ya posho inayokuja, nani atateka maji?

Vikundi vitaleta majibu katika sala ya kazi tatu, saa kumi na moja. Tutaanza saa kumi na moja, na saa kumi na mbili kila mtu atakuwa njiani kwenda kwake.